Jibu: CZT badala ya jemaniamu, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama fuwele ya CZT (mchanganyiko wa kadimiamu, zinki na teluriamu) ya sentimita moja ya ujazo itafaa badala ya kigunduzi cha mionzi ya gama cha jemaniamu, maana nitrojeni ya kimiminika ya kukipoza huko uliko ni shida kuipata. Inategemea unapima nini.

Jemaniamu hudai baridi kwa sababu pengo lake la nishati (nishati ya kuikwamua elektroni ndani ya fuwele) ni dogo, eV 0.67 hivi. Kwenye joto la chumba elektroni huruka zenyewe na kelele inameza ishara. CZT ina pengo la karibu eV 1.6, ndiyo maana unaiweka mezani na kuanza kazi.

Ila usidanganyike na "asilimia 1" ya kwenye tangazo, yaani upana wa kilele ukilinganishwa na nishati yake. Omba spektra nzima (grafu ya nishati za gama) ya Cs-137, sesiamu yenye mionzi, kisha tazama upande wa kushoto wa kilele cha keV 662. Ukiona mkia mrefu, ujue mashimo (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni) yananaswa njiani, kwani ndani ya CZT hutembea polepole sana kuliko elektroni. Upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake huuficha mkia huo (wauzaji wanalijua hilo!), hivyo uliza pia upana kwenye sehemu ya kumi ya kimo. Elektrodi za pikseli (zilizogawanywa vipande vidogo) hupunguza tatizo, maana husoma elektroni zaidi.

Halafu ukubwa. Kipande kidogo hivyo hukamata gama chache mno za keV 1332 za Co-60, kobalti yenye mionzi. Kwa udongo au chakula chenye mionzi hafifu, mimi ningechukua fuwele kubwa ya NaI (iodidi ya sodiamu), licha ya upana wa kilele wake wa asilimia 7. Kwa chanzo chenye nguvu na vilele vilivyobanana, CZT.