Mishipa inayojificha: ninavyotolewa damu siku hizi

Mama mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu ana selimundu. Akisikia kesho kliniki, halali." Kilio hicho nakijua. Nimezaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, natumia haidroksiyurea, na dawa hiyo haitumiki bila kupima damu mara kwa mara, kuangalia chembe zisishuke mno. Nimeanza kuchomwa kabla sijajua kusoma.

Hospitali moja, siitaji, muuguzi alinichoma kulia, akanichoma kushoto, akahamia mgongo wa kiganja, kisha akawapazia sauti wenzake: "Huyu hana mishipa!" Foleni nzima ikanigeukia. Leo ni mtu mzima na bado linaniuma. Sina mishipa, nimefikaje hapo kwa miguu yangu?

Juzi sasa, sindano moja tu, vichupa vyote vikajaa. Kijana wa maabara akanisifu. Nilijisikia, sikatai.

Siri kubwa ni maji, na uanze kuyanywa tangu jana yake. Ukiyagida pale kwenye benchi umeshachelewa. Hata ukiambiwa usile, maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa, ila uliza. Sisi wa selimundu maji ni lazima hata siku isiyo na kipimo. Halafu joto: mimi sweta silivui mpaka niitwe, na mkono nauachia uning'inie. Na kunywa maji, nimeshasema?

Kisha sema, kabla mpira haujafungwa: "Mshipa wangu mzuri ni huu wa kushoto, hauonekani, ila ukipapasa utaupata." Mshipa hutafutwa kwa kidole zaidi ya jicho. Omba sindano ya kipepeo, ile nyembamba yenye mabawa, kama ipo. Usifumbe na kufumbua ngumi mfululizo, huweza kupandisha potasiamu, madini ya kwenye damu, kwenye majibu. Akikosa mara mbili, mwombe kwa heshima amwite mwenzake. Atanuna? Anune. Mkono ni wako.

Na nyie wazazi, acheni kuwatisha watoto na "ukilia daktari atakuchoma". Mnamjengea mtoto woga, halafu mnataka atulie kitini! Mwambieni ukweli kwamba itauma kidogo, mshikeni, mpeni maji.

Sindano ikishatoka, mtoto abonyeze pamba mkono ukiwa umenyooka. Akikunja kiwiko damu huvilia, na mshipa huohuo ndio utakaotafutwa kliniki ijayo.