Uso mweusi, nje kweupe: tatizo ni simu?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nashona magauni ya vitenge, nawapiga wateja picha kwa simu ya Android na kuzituma WhatsApp. Wakisimama mlangoni uso unatoka mweusi ti, nje kote kweupe. Nikiongeza mwanga wakati wa kuhariri, picha inajaa chembechembe na kitenge kinapauka. Ninunue simu nyingine?

JIBU: Nzuri, dada. Hela yako iache kwanza, maana hata simu ya bei mbaya itahangaika hapo mlangoni.

Simu hupima mwanga wa eneo lote na kutafuta wastani. Mteja akiipa barabara mgongo, jua la nje ndilo linalotawala picha, basi simu inapunguza mwanga wote na uso unazama. Ukiuongeza baadaye, unakuza kitu ambacho kamera karibu haikukiona. Ndizo hizo chembechembe.

Dawa ni kumgeuza. Mteja aingie ndani hatua mbili tatu, atazame mlango. Wewe simama pembeni mwa mlango usizibe mwanga. Sasa mwanga wa nje unamwangukia usoni na kwenye gauni, bila makali ya jua. Gusa uso wake kwenye skrini, simu nyingi zitakuletea alama ya jua. Kwa kuwa nyuma yake sasa kuna giza la chumba, simu huenda ikazidisha mwanga, kwa hiyo buruta alama hiyo chini kidogo kidogo. Angalia shavu: mng'ao wake ubaki, usigeuke doa jeupe. Kisha angalia maua ya kitenge, kama mistari yake yote inasomeka, piga. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa haina cha kurudisha, uhariri vyovyote utakavyo.

Gauni refu lipige ukiwa umerudi nyuma, simu ikiwa usawa wa kiuno. Ukisogea karibu na kuinua simu juu, miguu inafupika na mshono wako unaonekana umekaa vibaya. Na kabla ya yote futa lenzi. Vidole vya fundi vina mafuta ya cherehani.

Jambo moja nakusihi: zima ile sehemu ya kurembesha sura. Kwenye simu nyingi inalainisha uso na kuufanya mweupe, mteja anabaki si yeye. Ngozi yetu imeonewa na kamera tangu zamani. Maabara za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zilirekebisha rangi za picha kwa kadi zilizoitwa Shirley, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Google ilitangaza marekebisho yake ya rangi za ngozi, Real Tone, mwaka 2021 tu, pamoja na simu yake ya Pixel 6. Basi ngozi yetu sisi wenyewe tusiifute.

Kwenye kuhariri, programu ya Snapseed inatosha na ni ya bure. Usiongeze mwanga picha nzima. Fungua Selective, weka nukta usoni, bana au tanua vidole viwili mpaka duara liushike uso tu, kisha telezesha kidole kulia. Kidogo tu. Halafu rangi: shika kipande cha kitenge chenyewe karibu na skrini na urekebishe White Balance, yaani sehemu ya kusawazisha rangi, mpaka vifanane. Usikimbilie kukoleza rangi, kwa sababu mteja wa Dodoma anaagiza kwa kile anachokiona, na akipokea kijani kingine ana haki ya kulalamika.

Hifadhi nakala mpya, picha ya awali usiiguse. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo chagua HD unapotuma. Na kwa mteja anayetaka kukagua mshono wa kola au pindo, itume kama dokumenti.