Jibu: Nani alimrudisha Michael Myers?

Mkuu, umeuliza imekuwaje Michael Myers, yule muuaji wa barakoa wa filamu za kutisha za Halloween, akatwe kichwa kwenye filamu ya 1998 halafu kwenye ya 2002 arudi mzima, na kama waandishi walijichanganya. Hapana, uamuzi ulikuwa wa mtayarishaji, Moustapha Akkad.

Huyu ni Msyria wa Aleppo, yule yule aliyeongoza filamu ya The Message inayohusu mwanzo wa Uislamu, ambayo wengi wetu hapa Dar tumeiangalia bila kumhusisha na filamu za kutisha. Pesa za Halloween ya kwanza ya 1978, kama dola 300,000 hivi, zilitoka kwake, na alibaki kwenye utayarishaji wa zote nane za mwanzo. Ya tatu, 1982, ilileta hadithi nyingine kabisa isiyo na Michael, na watazamaji wakaikataa. Akkad akamrudisha 1988, na hakutaka kabisa auawe moja kwa moja.

Sasa rudi 1998. Laurie, dada ambaye Michael anamwinda, anashusha shoka, kichwa kinabiringika. Ya 2002 inaanza kwa kueleza kwamba aliyekatwa ni mhudumu wa gari la wagonjwa: Michael alimponda koo asiweze kusema, akamvika barakoa yake. Kwangu ni maelezo ya kulazimisha, yanaiharibu ile ya 1998 ambayo ilimaliza vizuri sana. Lakini bila ung'ang'anizi wa Akkad, Michael angeishia kwenye filamu mbili tu.

Akkad alifariki Novemba 2005 kutokana na milipuko ya mabomu kwenye hoteli za Amman, pamoja na binti yake. Mwanawe Malek ndiye aliyeendelea na kazi hiyo.