Kwa nini hiyo kamera ipandishwe ndege

Umeuliza kwa nini HAWC+, ile kamera ya kuchunguza anga, hawakuiweka tu juu ya mlima. Shida ni mvuke wa maji bana, infraredi ya mbali (mwanga usioonekana kwa macho, wa mawimbi marefu, tuseme mikroni 50 mpaka 240, mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inamezwa na mvuke kabla haijatua chini, hata mlima mrefu hausaidii kivile, ndo maana NASA na Wajerumani wa DLR, shirika lao la anga, wakachukua ndege ya Boeing 747SP wakaitoboa ubavuni wakaweka darubini yenye kioo cha mita 2.7, wakaiita SOFIA, ikawa inaruka kimo cha kilomita 12 hadi 13 hivi na zaidi ya asilimia 99 ya mvuke inabaki chini yake.

Ila kamera yenyewe, HAWC+, ndo naipenda zaidi. Haina sensa kama ya simu, ina bolomita, yaani vipande vidogo vinavyopata joto kidogo mno mwanga ukivigusa halafu unapima hilo joto. Sasa kila kitu chenye joto kinatoa infraredi, hata kamera yenyewe, kwa hiyo usipoipoza inajiona yenyewe badala ya anga! Wakatumia heliamu ya kimiminika kwanza, kisha kipoza cha sumaku, mpaka kelvini 0.2 hivi, karibu kabisa na baridi ya mwisho inayowezekana.

Na ndege inatua, kwa hiyo kifaa kikisumbua unakifungua unakirekebisha, setilaiti nyingi huwezi. SOFIA ilistaafishwa 2022, na mimi bado inaniuma, maana HAWC+ ilikuwa inapima hadi uelekeo wa ugasumaku kwenye mawingu ya vumbi ambamo nyota zinazaliwa.