Ni kweli mizinga ya Singapore iliangalia upande mbaya?

SWALI: Afande, habari. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, na alikuwa anatuambia Singapore ilianguka juu Waingereza walijenga mizinga mikubwa ikaangalia bahari tu, imeshikwa na simiti haigeuki, Mjapani akaingia na mlango wa nyuma. Mwalimu wetu wa historia pia alitufunza hivyo. Wewe ulikuwa kwa mizinga, hiyo kitu inawezekana? Na hiyo mizinga bado iko? – Msomaji, Mumias

JIBU: Ndugu yangu wa Mumias, hiyo stori nimeisikia tangu nikiwa kuruti, na hata hapa Nakuru wastaafu tukikaa kwa chai lazima mmoja ataileta. Babu hakukudanganya ila alipewa nusu. Mizinga mingi ya Singapore iligeuka ikaangalia bara, na ikapiga. Shida kubwa ilikuwa kwa stoo ya makombora.

Kwanza jua ilijengwa ya nini. Waingereza walikuwa na bandari yao ya kivita kaskazini mwa kisiwa, ilifunguliwa 1938, na hofu yao ilikuwa manowari za Japani zitokee baharini. Kwa hivyo wakaweka mizinga mitano ya inchi 15 (huo ni upana wa mdomo wa mzinga), saizi ile inakaa kwa meli kubwa za kivita, mitatu Changi upande wa mashariki (wakaiita Johore, juu Sultani wa Johor alikuwa ametoa pauni 500,000 wakati mfalme George V anasherehekea miaka 25 ya kutawala, na sehemu ya hizo pesa ikaingia hapo) na miwili Buona Vista upande wa magharibi. Halafu kulikuwa na ya inchi 9.2 na ya inchi 6 kwa visiwa na fukwe. Ule wa inchi 15 unatupa kombora la karibu kilo 880 zaidi ya kilomita 30. Hiyo si mchezo.

Sasa kugeuka. Mzinga kama huo hauchimbiwi kwa simiti kama nguzo ya stima, unakaa juu ya kitako kinachozunguka, na kinachoamua utafika wapi ni vile kitako kilitengenezwa. Ya Buona Vista haikuweza kuzunguka duara lote, na Mjapani alipokuja haikumpiga hata kombora moja, kwa hivyo hapo ndo babu ana haki yake. Lakini baadhi ya ile ya Changi iligeuzwa ikapiga Johor Bahru ng'ambo ya maji, ikapiga Tengah na Bukit Timah ndani ya kisiwa chenyewe, na ile ya inchi 9.2 ya Fort Connaught, kwa kisiwa ambacho siku hizi kinaitwa Sentosa, nayo ikageukia bara.

Haya, ilipiga, mbona haikusaidia? Hapa ndo kazi yetu ilipo. Kombora la kutoboa meli lina ukuta mnene wa chuma kigumu, baruti ndani ni kidogo tu, na fyuzi, kile kiwasho cha kulilipua, imefungwa huko nyuma kwa kitako chake, tena imecheleweshwa makusudi. Inataka kombora lipasue sitaha ya chuma kwanza, liingie ndani kabisa ya meli, halafu ndo lilipuke. Sasa lipige hilo kwa shamba la mpira lenye udongo laini, askari wamelala hapo. Linazama chini mita kadhaa kabla fyuzi haijaamka, linalipuka huko chini, linarusha matope juu, na askari aliye mbali kidogo anajipangusa anaendelea. Kupiga askari wa miguu unataka kombora la ukuta mwembamba lenye baruti nyingi, linalopasuka likigusa tu, vipande vinaruka pande zote. Kwa mizinga ya inchi 15 makombora yalikuwa karibu yote ya kutoboa meli, na ya inchi 9.2 na 6 yalikuwa na haya mengine machache sana. Ni kama kupewa mtaimbo ukaambiwa ufyeke nyasi.

Na kuna macho. Mzinga wa pwani unaongozwa na watu walio kwa minara, wanaona meli, wanapima umbali wanatuma hesabu chini. Bara meli haionekani, kuna miti na vilima, unahitaji mtu wa mbele kabisa mwenye ramani nzuri na simu ama redio anayekuambia lile limeanguka wapi, ongeza mita mia, rudi kushoto. Wale macho yao yalikuwa yameelekezwa baharini tu.

Lakini hata wangekuwa na makombora yote ya dunia sidhani mambo yangebadilika sana, hayo ni maoni yangu. Mjapani alishuka Kota Bharu, kaskazini mwa Malaya, 8 Desemba 1941, siku mbili baadaye ndege zake zikazamisha manowari kubwa za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, akateremka Malaya yote wengine kwa baiskeli, akavuka mlango bahari kati ya bara na kisiwa usiku wa 8 Februari 1942, na tarehe 15 Percival, jenerali wa Waingereza, akasalimu amri kwa jenerali wa Japani, Yamashita, ndani ya kiwanda cha Ford, wakati ana askari wengi kuliko aliyemshinda. Anga ilikuwa ya Mjapani, maji ya mji yanakauka. Mimi naona lawama kwa mizinga iliwafaa wakubwa kuliko kuulizwa ndege zilikuwa wapi.

Stori ilimfikia babu aje ni rahisi. Baada ya Singapore, brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon (siku hizi Sri Lanka) mwaka huo huo wa 1942, na meli za Waingereza zilizobaki zikarudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Maneno ya kambi hayahitaji stempu.

Kama bado iko: ile ya inchi 15 Waingereza waliilipua wenyewe kabla ya kusalimu amri. Pale Changi utakuta mfano tu uliowekwa baadaye, ila vyumba vya makombora vya chini ya ardhi ni vya kweli, vilikuwa vimesahaulika mpaka 1991. Ukitaka kugusa mizinga ya kweli kwa mkono wako nenda Fort Siloso, hapo Sentosa, ni makumbusho.