Kama Hujui Kuogelea, Sema Kabla Hamjafika Ngare Ndare

Wiki jana dada mmoja aliniandikia usiku, saa tano na kitu, akasema hivi: "Sis, mwisho wa mwezi tunaenda Ngare Ndare na watu wa ofisi, kila mtu ameshanunua nguo za kuogelea, mimi sijui kuogelea na sijaambia mtu, nifanye nini?" Nilikuwa kitandani tayari. Nikaamka nikakaa, na usingizi ukaisha hapo hapo, kwa sababu huyo dada ni mimi wa miaka miwili iliyopita, kila kitu. Nilimjibu mistari miwili tu lakini nikajua lazima niandike yote, maana najua wengi wenu saa hii mnachanga pesa za vani na mnazitaka zile picha za maji ya buluu ya Ngare Ndare, ule msitu wa chini ya Mlima Kenya, kama nilivyozitaka mimi.

Mimi nimelelewa Umoja. Sisi maji ya kuogelea tungeyatoa wapi? Mto wa Nairobi mnaujua ulivyo, shule niliyosoma haikuwa na bwawa, na likizo tukienda Murang'a shosho alikuwa anatukataza kabisa kukaribia mto, anatuambia mto umekula watoto wa watu. Basi nimekuwa mtu mzima, nimepata kazi nzuri, nimehamia nyumba ya maana, na sijui kuogelea. Na si mimi peke yangu, tuko wengi sana hapa Nairobi, ni vile tu hakuna mtu anasema.

Sasa siku ya siku tulitoka mjini alfajiri na mapema, Thika Road, Sagana, Karatina, Nanyuki, Timau, barabara sitawaeleza maana nililala. Msituni unapewa renja wa kuwatembeza, na huendi bila yeye kwa sababu ndovu na nyati wako humo kweli kweli, siyo hadithi. Tulianza na lile daraja la juu ya miti, mita 450, linatikisika ukitembea, na renja wetu alikuwa mtu anajua kazi yake, anatuonyesha mierezi na mizeituni ya pori, anatuambia ndovu hushuka kutoka Mlima Kenya wanapita hapo wakienda hifadhi ya wanyama ya Lewa, na kwamba barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru imechimbiwa njia ya ndovu chini yake iliyomalizika 2010, na kwamba 2013 UNESCO iliunganisha Lewa na huo msitu kwa urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Hayo yote nimeyashika vizuri safari ya pili. Ile ya kwanza sikuwa nasikiza. Tumbo lilikuwa linanikata, nawaza maji tu.

Na maji yenyewe ni mazuri jamani, sitawadanganya. Unashuka kwa mawe na mizizi, unasikia mvumo kabla hujaona kitu, halafu unatokea na hapo chini kuna dimbwi la buluu, buluu ile ya kukufanya unyamaze, na maporomoko yanamwagika kwa ukuta wa mawe uliojaa mimea. Wenzangu wakaanza kuruka mmoja mmoja. Mimi nikavua leso nikabaki na kostumu mpya, nikasimama kwa jiwe, simu za watu zimenielekea, na mwanamume mmoja wa ofisini akapiga kelele, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!" Watu wakapiga makofi. Nikaruka.

Ile baridi hakuna mtu alikuwa ameniambia. Maji yametoka mlimani, na ukiingia ghafla kifua kinajivuta chenyewe, unavuta pumzi kwa nguvu hata kama hutaki, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo basi unavuta maji. Ndivyo ilivyonipata. Miguu inatafuta chini, chini hakuna. Nilikuwa na rasta ndefu za kufika kiunoni na zikishalowa ni kama mtu amekushika nyuma. Na hiki ndicho kitu nataka mshike kuliko vyote: sikupiga kelele. Huwezi. Mdomo unatokea juu kidogo unatafuta hewa, unarudi chini, mikono inapigapiga maji kando yako, na mtu akikuangalia kutoka juu anaona mtu anacheza. Walikuwa wanacheka. Wanarekodi. Ni renja aliyeelewa. Alilala kifudifudi kwa jiwe akaninyooshea mti mrefu, nikaushika, akanivuta. Hakuruka ndani, na hilo pia mshike, kwa sababu mtu anayezama anaweza kukukumbatia mkaenda wote. Mti, kamba, leso mbili zilizofungwa pamoja, hata jerikeni tupu lililofungwa, hivyo ndivyo vitu vya kumrushia mtu.

Video iliingia grupu la ofisi kabla hatujafika Karatina tukirudi. Na vikatuni vya kucheka. Bado naikumbuka sauti ya ile vani. Hakuna mtu aliniuliza kama niko sawa mpaka Jumanne, na aliyeniuliza ni mama wa chai, ambaye safari yenyewe hakualikwa. Nimesamehe, nasema nimesamehe, lakini wengine wao tulikuwa tunakula meza moja kila siku na hatujakula pamoja tena.

Mwezi uliofuata nilijiandikisha masomo ya kuogelea, kila Jumamosi saa moja asubuhi. Nilikuwa na miaka 33, na kwenye maji ya kina kifupi tulikuwa mimi na watoto wa darasa la pili. Wiki tatu za kwanza ni kupuliza hewa ndani ya maji na kulala chali tu, kocha akiniambia, "mama, legeza shingo, maji yatakubeba." Sitawachosha na hayo mengine, ilichukua miezi minne. Siku nilipovuka bwawa lote bila kushika ukingo nilikaa kwa choo cha hapo nikalia, na nikampigia mamangu simu.

Na mwezi uliopita nimerudi Ngare Ndare. Mimi na mdogo wangu tu. Nimeingia polepole, miguu, kiuno, kifua, nimesimama nikasubiri pumzi itulie, halafu nimeogelea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine nikarudi. Najivunia na sitaficha. Ile picha iko kwa ukuta wa sebule yangu.

Sasa wewe unayeenda. Sema. Sema kwa grupu kabla ya kuchanga, sema tena ndani ya vani, na mkifika mwambie renja mbele ya wote, "mimi sijui kuogelea," akuonyeshe mahali pa kina kifupi. Usiruke kamwe maji ambayo hujayajua kina, hata kama unajua kuogelea, maana chini kuna mawe na magogo na yanahama msimu wa mvua. Ingia ukitembea. Usikae pale maporomoko yanapopiga, lile povu jeupe limejaa hewa na halikubebi kama maji matulivu, na yanayoanguka yanakusukuma chini. Kama umejifunza kwa bwawa la mjini, jua kwamba huku hakuna ukingo wa kushika na hakuna mtu wa kukuokoa aliyekaa kwa kiti. Ukipenda jaketi la kuelea, beba lako. Mwezi wa nne na wa tano na ile mvua ya Novemba muwe waangalifu, mvua inaweza kunyesha juu huko nyinyi mko kwa jua, na mkiona maji yamebadilika rangi au yanabeba majani na vijiti, tokeni, msiulizane. Pombe iacheni hadi mrudi Nanyuki.

Na nyinyi mnaopanga safari za ofisi, ulizeni watu. Faraghani. Mtu asiwekwe kwa jiwe mbele ya simu ishirini ndipo achague kati ya aibu na uhai wake. Na ile methali muiache nyumbani, kwa sababu si kweli. Unaweza kuyavulia maji nguo, ukayaangalia, ukavaa leso yako ukarudi kukaa, na hakuna deni la mtu umekula. Mngejua ni vijana wangapi nchi hii wanazama sehemu kama hizi kwa sababu tu marafiki walikuwa wanawaangalia, mngeacha kupiga makofi.

Leo asubuhi yule dada ameniandikia tena. Amesema jana aliandika kwa grupu lao kwamba hajui kuogelea, kukanyamaza kidogo, halafu wawili wakajibu hata wao hawajui. Nimemwambia abebe leso mbili na chai kwa thermos, na akifika anitumie picha akiwa amekaa kwa jiwe.