Taa ya cheki injini inawaka na kuzima nikipandisha mlima, shida nini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina IST ya injini 1NZ. Juzi naenda Iringa, kufika Kitonga taa ya cheki injini ikaanza kuwaka na kuzima, gari inatetemeka haina nguvu. Nilivyomaliza mlima taa ikatulia ikabaki imewaka tu. Fundi wa kwanza kachomoa teminali ya betri, ikazima, kesho yake ikarudi. Wa pili anasema masega (kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi) yameziba anataka ayatoe. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama kaka, pole na safari. Umenisimulia kitu ambacho wateja wengi wanakisahau, kwamba mlimani ilikuwa inawaka na kuzima halafu tambarare ikatulia. Taa ni hiyo hiyo moja ila habari ni mbili. Ikitulia maana yake kompyuta ya gari imeona kosa imeliandika, unaweza ukaenda nayo taratibu mpaka gereji. Ikiwaka na kuzima, gari inamisi saa hiyo hiyo, kuna silenda haichomi, petroli inatoka mbichi inaenda kuungulia kwenye masega, masega yanapata moto hadi yanayeyuka kwa ndani na ndo yanaziba hivyo. Kwa hiyo fundi wa pili anaweza akawa sahihi kabisa ila hajajiuliza yamezibwa na nini, ayatoe leo na kesho gari bado itamisi. Na akisema anakutolea bure halafu abaki nayo, shtuka, mle ndani kuna platini na watu wanayanunua.

Kwa nini Kitonga? Injini ikiwa na mzigo, cheche inapata kazi kubwa kuruka kwenye plagi, koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, ikiwa imechoka inakatia hapo hapo. Tambarare inajikongoja.

Wa kwanza ndo kaniudhi zaidi. Kuchomoa betri ni kufuta ushahidi. Tafuta mwenye mashine asome namba ya kosa kabla hajagusa kitu. Ikiwa P0300 zinamisi silenda tofauti tofauti, ikiwa P0301 mpaka P0304 ile tarakimu ya mwisho ndo silenda yenyewe, na ya kwanza unaanza kuhesabu upande wa mikanda. Mashine haijasema nunua koili hapo, imekuonyesha silenda tu!

Gari yako ina koili nne, kila silenda na yake, zimekaa juu, bolti moja moja ya spana namba 10. Tuseme imesoma P0303, zima gari, koili ya 3 iweke 1 na ya 1 iweke 3, futa kosa, katembee nayo. Ikirudi P0301 koili ndo mbovu, umeipata bila kununua chochote. Ikibaki P0303 fanya hivyo hivyo na plagi, ikigoma tena ndo mnaenda kwenye nozeli zinazonyunyiza petroli na kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silenda.

Halafu koili ikiwa nje mulika tochi kwenye shimo la plagi. Nishafungua moja shimo limejaa oili, raba ya koili imevimba imelegea kama embe lililoiva kupitiliza, na mwenye gari alishabadilisha koili mara mbili maskini! Shida ilikuwa raba za tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, zimekauka, oili inashukia kwenye plagi. Ukikuta hivyo badilisha gasketi ya kava pamoja na hizo raba za mashimo, usikubali ipakwe gundi ya silikoni tu.

Mpaka upime usiikamue. Ikianza tena kuwaka na kuzima toa mguu kwenye mafuta, isipotulia paki pembeni. Na usije ukaichanganya na ile nyekundu ya birika, hiyo ni presha ya oili, ikiwaka unatembea unasimama unazima injini hapo hapo, habari ya "nifike tu pale mbele" ndo inaua injini.

Ukishaisoma niandikie namba, na uniambie plagi ziliwekwa lini.